Alininunulia baiskeli ya milimani, sasa hatusemezani

*Shangazi, pokea salamu. Nina miaka 34, nimeolewa miaka saba, tunaishi Nairobi. Mume wangu huendesha baiskeli ya milimani kila Jumapili na rafiki zake. Mwezi uliopita alinishtukiza na yangu, ya mtumba lakini imara, saizi sawa na yake kwa sababu "ilipatikana kwa bei". Mimi nina urefu wa sentimita 157 na kilo 58. Tulienda milima ya Ngong na wenzake watatu. Kupanda, nilibaki nyuma peke yangu. Kila nikiwafikia, wao wanaondoka. Kabla ya kuteremka aliniambia nisiguse breki ya mbele, nishike ya kulia tu. Nikashika ya kulia. Nikaruka juu ya usukani. Goti limechubuka, helmeti ina mkwaruzo na ufa mdogo. Yeye anasema niliingiwa na hofu nikabana zote mbili. Mimi najua nilichoshika. Jioni nikakuta picha aliyonipiga nikiwa chini kwenye kikundi chao cha WhatsApp, na vicheko chini yake. Wiki ya pili hii hatuongei ila mambo ya mtoto na karo. Niiuze? Au mimi ni mwoga tu?*

*Mchubuko, Nairobi*

Mwanangu Mchubuko,

Nakuamini. Ulishika ya kulia peke yake, na hicho ndicho kilichokuangusha.

Baiskeli za mtumba hutoka pande nyingi za dunia, na breki zake hazifungwi kwa mpango mmoja. Zilizotengenezewa soko la Uingereza au Japani, kishikio cha kulia ni cha gurudumu la mbele. Za Marekani na sehemu kubwa ya bara Ulaya, cha kulia ni cha nyuma. Yake, naona, ni ya mpango huu wa pili, kwa hiyo alikwambia "kulia" kwa moyo mweupe. Yako, kwa jinsi ulivyoruka, ni ya mpango wa kwanza. Usibishane naye kwa maneno. Leo jioni ziwekeni zote mbili kando kwa kando. Simama ubavuni mwa yako, bana kishikio cha kulia, uisukume mbele taratibu. Gurudumu la mbele likikataa kuzunguka na la nyuma likaanza kuinuka sakafuni, jibu ndilo hilo. Halafu mwachie afanye vivyo hivyo kwenye yake. Ni kazi ya dakika moja.

Fundi azifanye zilingane. Kama breki zinavutwa kwa waya, ni kubadilishana waya tu. Kama ni za mafuta, mirija huenda ikahitaji kukatwa upya na hewa kutolewa ndani yake, kwa hiyo mtafuteni fundi aliyezizoea, si yule wa kuziba pancha kando ya barabara. Mpaka hapo, zungushia utepe mwekundu kwenye kishikio cha breki ya mbele cha kila baiskeli.

Sasa kosa lake la pili, kubwa kuliko la kwanza. "Usiguse breki ya mbele" ni ushauri ambao wanaume hurithishana kama mapishi ya nyama choma, na si sahihi. Ukifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. La nyuma peke yake, kwenye changarawe, litateleza tu na wewe uzidi kushuka. Kinachoangusha ni kuibana ya mbele ghafla huku mwili umeegemea usukani. Ukiibana polepole, kidole kimoja, makalio yamesogea nyuma na visigino vimeshuka, haikutupi.

Hili hufundishwa uwanjani. Tafuteni uwanja wa nyasi wenye mteremko kidogo. Endesha mwendo wa mtu anayekimbia pole, simamisha kwa ya nyuma tu mara kumi, uone inavyoteleza. Kisha ya mbele tu mara kumi, ukianza kwa mguso mdogo kabisa na kuongeza. Kisha zote mbili, ukilenga kusimama kwenye mstari mliochora kwa chaki au kijiti. Mikono ikishajua, mlima utakuja wenyewe. Na kama vidole vyako havifikii vishikio vizuri, vingi vina skrubu ndogo karibu na usukani ya kuvisogeza. Alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 2 au 2.5 kwa kawaida inatosha. Mikono midogo kwenye vishikio vilivyowekwa mbali hubana kwa vidole vinne, tena kwa pupa.

Tukija kwenye saizi: hapo, mwanangu, sina huruma na bei nafuu. Simama juu ya fremu, miguu yote miwili chini, viatu vya kuendeshea miguuni. Kati yako na bomba la juu kuwe na nafasi ya sentimita tano au zaidi. Ikiwa unaligusa, hiyo si baiskeli yako, na hakuna fundi atakayeipunguza. Kwa urefu wako, fremu ya S au ya inchi 15 hadi 16 ndiyo ya kutafuta. Ikiwa nafasi ipo ila unajinyoosha kuufikia usukani mpaka mabega yanauma, badilisheni shingo ya usukani muweke fupi, ya milimita 50 au 60. Ni kipande kidogo lakini hubadilisha hali nzima ya mteremko, kwa sababu unaweza kurudi nyuma bila mikono kunyooka kama kamba ya nguo.

Kiti kina urefu wa aina mbili. Wa kupanda: kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Wa kuteremka: shusha sentimita tano hivi, ili pawe na pahali pa kupeleka makalio. Waendeshaji wazoefu husahau hili kwa sababu baadhi ya baiskeli zao zina kitufe cha kushusha kiti. Yako ukishusha kwa mkono juu ya kila mteremko, hakuna aibu. Ila ukikipandisha, usivuke alama iliyochongwa kwenye bomba lake. Likitoka zaidi ya hapo hupinda au kupasua fremu.

Upepo je? Mkienda kujaza kituo cha petroli, mhudumu atajaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, akiamini anawasaidia. Tairi gumu hurukaruka juu ya kokoto badala ya kuzikumbatia, na kila kokoto unaihisi mkononi. Kwa kilo zako, tairi pana la inchi 2.2 lenye tyubu, anza na psi 26 mbele na 28 nyuma. Usishuke sana chini ya hapo, maana tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu itoboke mashimo mawili yanayolingana, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba, ongeza upepo. Valvu yako ikiwa nyembamba yenye kichwa cha kufungua, pampu ya kituo haitaingia bila kiungio kidogo cha shaba. Kinunueni, ni cha bei ndogo, kikae kwenye mfuko wa baiskeli.

Mfukoni humo pia: tyubu ya akiba ya saizi yenu, vibanio viwili vya kutolea tairi, pampu ya mkono, viraka na gundi, alenki za 4, 5 na 6. Mafuta ya cheni yawe ya cheni. Oili chafu ya gari hunata vumbi, na mchanganyiko huo hutafuna meno ya gia kama msasa. Paka tone kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kavu kwa nje.

Na chupi, mwanangu, iache nyumbani. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila kitu ndani. Mshono ndio unaokuchubua.

Ngong iacheni kwanza. Miinuko ile ni ya mtu mwenye mapafu na breki alizozizoea, na upepo wake humyumbisha hata mwanamume mzima. Nendeni msitu wa Karura, njia zilizotengewa baiskeli, saa moja tu, msubiri siku mbili tatu baada ya mvua kubwa kwa sababu udongo mwekundu ukilowa hujaza matairi na breki. Baada ya mara tatu au nne, nendeni hifadhi ya taifa ya Hell's Gate, Naivasha. Kutoka lango la Elsa hadi korongoni ni karibu kilomita nane za changarawe, sehemu kubwa tambarare, na pundamilia kando ya njia. Nyati pia wapo, kwa hiyo hamtenganishwi na nusu kilomita pale. Hilo peke yake litamfundisha kusubiri.

Maana tatizo lenu la kupanda ni la kihesabu. Yeye anafika juu, anapumzika dakika tano. Wewe unafika umekauka koo, yeye keshapanda baiskeli. Kwa hiyo yeye amepumzika mara sita, wewe hujapumzika hata mara moja, na mwisho wa siku anasema huna pumzi. Sheria ni moja: anayefika mwisho ndiye anayesema "twende". Anakunywa maji, anavuta pumzi, anatazama mandhari akitaka, kisha anatamka neno.

Kwenye tambarare wewe utangulie, mwendo uwe wako, na yeye nyuma awe bubu. Kwenye mteremko atangulie yeye mita 20 hivi, ili uone gurudumu lake linapita wapi bila kumgonga akisimama. Tazama mbele, mita tano au sita, kule unakotaka kwenda. Jiwe ukilikodolea macho utaligonga, ndivyo gurudumu lilivyo. Pedali ziwe sambamba na ardhi, usimame juu yake, magoti na viwiko vimelegea. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Na yeye ana ruhusa ya kukusahihisha jambo moja kwa safari. Moja. La pili alitunze hadi wiki ijayo.

Wenzake watatu wasije mpaka wewe mwenyewe uwaalike.

Picha ile sasa. Hapo sikubaliani na wanaosema "ni utani wa wanaume". Ulikuwa chini, damu inatoka gotini, na mkono wa mumeo ulikuwa kwenye simu. Mwambie hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, baada ya lile jaribio la breki na si kabla, kwa sababu akishajua ni maelekezo yake yaliyokuangusha atasikia tofauti. Mtake mambo mawili: aifute, na aandike kwenye kikundi kile kile kwamba breki zilikuwa kinyume na yeye ndiye hakuangalia. Amekucheka barazani, akutake radhi barazani. Akikataa hilo, niandikie tena, na safari hiyo hatutazungumzia baiskeli.

Helmeti itupe. Usiiuze wala usimpe mtoto. Ile sponji ngumu ya ndani hukandamizika mara moja tu. Ikishapokea pigo haitapokea la pili, na yako ina ufa. Mpya ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya masikio, na chini ya kidevu pawe na nafasi ya kidole kimoja. Na goti, likiwa bado limevimba wiki ya pili, lipeleke kwa daktari kabla ya kukanyaga pedali yoyote.

Kuhusu kuiuza: fremu ikigoma kwenye kile kipimo cha sentimita tano, iuzeni mkanunue ndogo, na safari hii uende dukani mwenyewe ukaikalie. Ikikutosha, mpe mume wako safari sita kwa masharti haya. Baada ya ya sita, ukiona moyo haupo, huo si woga. Yeye abaki na Jumapili zake na wewe uchague siku yako, yeye akae na mtoto.