Kompaila inakisia, inapima au inakadiria?

SWALI: Tuko watatu, tunatafsiri mwongozo wa waandishi wa programu. Sura moja inaeleza jinsi kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo (maandishi ya programu) kuwa amri za mashine, inavyoamua kama inafaa kuchukua nakala ya fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachoitwa kufanya kazi fulani, na kuiweka palepale inapoitwa. Mmoja wetu kaandika “inakisia gharama”, wa pili “inapima gharama”, mimi “inakadiria gharama”. Tena hiyo “gharama” inatutatiza, maana hapo hakuna fedha. Tuandike nini?

JIBU: Andikeni “inakadiria”. Aliye mbali zaidi ni mwenzenu wa “inapima”. Anayepima huwa na kitu chenyewe mbele yake, na kompaila huamua kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Atakayepima ni yule atakayeiendesha baadaye na kuhesabu muda iliotumia.

“Inakisia” inataka subira, kwa sababu kamusi huyafafanua maneno haya mawili moja kwa jingine, na yote yametoka katika Kiarabu yakiwa na maana ya kupima. Matumizi ndiyo yaliyoyatenganisha. Mpita njia huutazama ukuta akakisia idadi ya matofali. Fundi hukadiria, kwa kuwa anajua mita moja ya mraba hula matofali mangapi, kisha anazidisha. Kukisia kumesogea jirani na kubahatisha. Kukadiria kumebaki na kadiri yake, yaani kiwango kilichowekwa.

Na kompaila ina viwango. LLVM, mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila, kwa mfano, huipitia fanksheni na kuipa kila amri ya kawaida pointi 5. Wito uliomo ndani yake, yaani mahali inapoita fanksheni nyingine, huongezewa 25. Wito ule utakaoondoka kwa kuwa nakala imechukua nafasi yake hupunguzwa kwenye hesabu. Jumla hulinganishwa na kikomo, ambacho kompaila ikiambiwa iboreshe programu kwa kiwango cha pili (-O2) kwa kawaida ni 225. Kompaila ya lugha ya programu ya Go ina kikomo cha 80 kwa hesabu yake nyingine, na wenyewe hukiita bajeti, neno ambalo kwetu huandamana na makadirio kila mwaka bungeni.

Kuna jambo jingine linalonipendeza hapa. Fanksheni ileile yaweza kupata kadirio tofauti kila inapoitwa. Ikipewa thamani isiyobadilika, tuseme sifuri, na sifuri hiyo ikaifunga njia moja ya msimbo, amri za njia hiyo hazihesabiwi. Kwa hiyo andikeni “kadirio” mnapotaja wito mmoja, na “makadirio” kwa yote.

“Gharama” ibaki. Waswahili husema vita viligharimu maisha ya watu, wala hatuulizi shilingi ziko wapi. Kinacholipwa hapa ni unene wa programu: nakala zikizidi, msimbo unavimba. Ila msiandike “gharama ghali”, kosa ninaloliona kila siku. Gharama huwa kubwa au ndogo. Kitu ndicho huwa ghali.

Hamkuniuliza kitenzi cha kuiweka nakala, lakini mtakihitaji. Chagueni “kupachika”, wala si “kupandikiza”. Mche ukipandikizwa hung'olewa kitaluni, ilhali fanksheni yaweza kubaki ilipo huku nakala yake ikipachikwa kwingine. Sentensi yenu basi iwe: “Kompaila hukadiria gharama ya kupachika fanksheni kila mahali inapoitwa.”