CG125 mbili za zamani: nunua au acha?

Ndugu, hizo pikipiki mbili za Honda CG125 ulizoonyeshwa stoo usizilipie kabla hujashika kadi za usajili. Bila kadi, au namba ya chesesi (fremu) ikiwa imekwanguliwa, ni vyuma chakavu. Kubadilisha jina la mmiliki TRA (mamlaka ya mapato) kutakushinda.

Kadi zikiwepo, chomoa plagi, piga kiki taratibu. Injini ikizunguka una pa kuanzia, ikiwa imeganda shusha bei bila huruma. Injini yenyewe haitishi: valvu zinasukumwa na fito, haina cheni ya taimingi, na Wachina wameinakili sana, kwa hiyo pistoni, ringi na kabureta si vya kutafuta kwa tochi. Tangi lililoliwa na kutu ndilo litakalokutesa. Mimi ningefufua moja, nyingine niichinje spea. Ila kama unazitaka za kufanyia bodaboda, achana nazo.