"Kwa nini" mara tano ni za mashine, si za mtu

Futa orodha ya maswali uliyonitumia kabla hujaketi na mtu yeyote. Umeomba maswali ya kuwasaidia wale unaoanza kuwasimamia wakue kikazi, lakini nilipoona swali lako la kwanza ni "Kwa nini hukufikia lengo?", likifuatwa na "kwa nini" nyingine nne, nilishindwa kupita kimya.

Mbinu hiyo ya kurudia "kwa nini" mara tano hadi kufikia kiini cha tatizo nilifundishwa na mkufunzi aliyetuhakikishia kwamba inatoka Toyota, na hilo ni kweli. Ambacho hakukisema, licha ya ada nono aliyolipwa, ni kwamba Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliieleza kwa mfano wa mashine iliyosimama: fyuzi imeungua kwa kuwa mzigo umezidi, mzigo umezidi kwa kuwa beringi haikupata mafuta ya kutosha, na kuendelea hadi ikabainika kwamba pampu haikuwekewa kichujio. Beringi haioni haya, wala haina watoto wanaotegemea mshahara wake.

Mimi nilimkalisha kijana hodari kuliko sote kwa sababu ya ripoti iliyochelewa. Kwa nini ilichelewa? Takwimu hazikufika kwa wakati. Kwa nini hukuzifuatilia? Alizifuatilia. Kwa nini hukuniambia mapema? Hapo akaanza kuomba radhi, na yaliyobaki yakajibiwa kwa "nitajirekebisha", jibu ambalo mimi, kwa busara zangu za wakati huo, nililiandika daftarini kuwa ni mafanikio. Tangu hapo aliniambia yale tu aliyodhani nataka kuyasikia, na habari za matatizo nikawa nazipata kwa wateja. Alipokwisha kuacha kazi ndipo mwenzake aliponieleza kwamba takwimu zile zilikuwa zimelala mezani kwangu zikisubiri saini. Maswali matano, na hakuna hata moja lililoweza kufika kwenye meza yangu, kwa kuwa yote yalimwelekea yeye!

Kwa hiyo uliza "ilikuwaje?" au "ulikwama wapi?", kisha nyamaza hadi amalize, hata kama ulimi unakuwasha. Usifiche jibu lako ndani ya swali, kwani "huoni kwamba ingefaa ungenipigia?" ni amri tu. Akimaliza, muulize angependa kujaribu nini safari ijayo na nini kifanywe na wewe, na uwe tayari kulisikia jina lako likitajwa.