Mjomba, nikope 100,000 nisomee uhandisi wa kompyuta?

Shikamoo Mjomba. Nimepata nafasi vyuo viwili, vyote uhandisi wa kompyuta, miaka minne. Cha kwanza kina jina kubwa, ila itabidi nikope 25,000 kila mwaka. Cha pili hakivumi. Huko mkopo wa 10,000 kwa mwaka unatosha. Riba ni asilimia 8, inaanza kuhesabiwa pesa inapotoka, na nitalipa kwa miaka 10 baada ya kuhitimu. Kijitabu cha chuo cha kwanza kinasema wahitimu wake wanapata wastani wa 9,000 kwa mwezi. Binamu yangu aliyemaliza hapohapo mwaka jana analipwa 5,000, na anasema ana bahati. Baba yuko tayari kunidhamini. Nishauri.
Binti wa Nyaya

Marahaba, Binti wa Nyaya. Wengi huniandikia "mkopo mkubwa kiasi" wakataka jibu. Wewe umeleta namba, nami nimetoa kikokotoo. (Sarafu sikuuliza, hesabu ni ileile.)

Kwanza, hudaiwi 100,000. Pesa ya mwaka wa kwanza itazaa riba miaka minne, ya mwaka wa pili mitatu, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Hata riba yenyewe isipozaa riba nyingine, siku ya kuvaa joho utakuwa unadaiwa 120,000. Rejesho lake ni kama 1,456 kila mwezi. Kwa chuo cha pili utadaiwa 48,000 na kurejesha kama 582.

Sasa tuje kwenye hiyo 9,000 ya kijitabu. Chukua wahitimu 10: tisa wanalipwa 5,000 kama binamu yako, mmoja ana kampuni yake na anaingiza 45,000. Jumlisha, gawanya kwa 10: wastani ni 9,000 kamili, na hakuna hata mmoja kati yao anayelipwa 9,000. Sisemi chuo kimedanganya. Waulize tu mhitimu wa katikati, wote wakipangwa mstari kwa mshahara, analipwa ngapi, na kama wasio na kazi wamo kwenye mstari huo. Ukitumia 9,000, rejesho ni asilimia 16 ya mshahara, linavumilika. Ukitumia 5,000 ya binamu, ni asilimia 29. Deni hilo ni mishahara yake ya miaka miwili mizima, kabla ya kodi.

Mimi nilisoma kozi hiihii kwa mkopo. Kazi yangu ya kwanza sikubuni saketi hata moja. Nilitambaa chini ya meza nikivuta nyaya za mtandao na kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Karatasi yangu ya mshahara ilikuwa na mistari sita, na wa nne, "makato ya mkopo", niliuzoea kama jina langu. Baada ya mwaka nikaomba taarifa ya deni. Zaidi ya nusu ya nilicholipa ilikuwa imeliwa na riba! Nikajua wamekosea. Nikawapelekea risiti zote 12 kwenye bahasha, nikiwa nimejiandaa kugomba. Dada wa dirishani akanigeuzia kioo cha kompyuta yake, akanionyesha safu mbili, riba na deni lenyewe, nikarudi na bahasha yangu kimya. Kwako itakuwa vilevile: kwenye 120,000, mwaka wa kwanza utalipa karibu 17,500 na deni litashuka kama 8,200 tu. Wakikushawishi ulipe kwa miaka 20, rejesho litateremka hadi 1,004 hivi, ila jumla utakuwa umelipa zaidi ya 240,000.

Kuna na miezi ya kukaa bila kazi, ambayo vijitabu haviipendi. Takwimu zilizotolewa mwaka 2025 na Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, huko Marekani, ziliweka wahitimu wapya wa uhandisi wa kompyuta wasio na kazi kwenye asilimia 7.5, ilhali mishahara ya walioajiriwa ni kati ya ile minono kabisa. Mambo hayo mawili hukaa pamoja bila shida, na deni halisubiri ujue uko upande gani. Usipolipa, atafuatwa mdhamini. Baba akisome kipengele hicho mwenyewe, polepole, asisomewe.

Mimi ningekwenda chuo cha pili. Jina la chuo lina faida yake, huwa linakufikisha kwenye usaili. Lakini ukishakaa pale utapewa bodi ya saketi iliyokufa uambiwe tafuta kasoro, na hapo jina halishiki waya. Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi, nenda maabara ya chuo hicho cha pili wakati wa vitendo. Hesabu osiloskopu (vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) zinazowaka, na wanafunzi wangapi wamezunguka moja. Wakiwa 15 wanachungulia mgongoni mwa mwenzao, basi hata 48,000 ni ghali, na tutaanza hesabu upya.

Chuo cha kwanza wakikujibu kuhusu mhitimu wa katikati, niandikie. Nataka kumwona huyo wa 45,000.