Sanaa na Fedha: Ninunue picha ya Mchina anayecheka?

SWALI: Shikamoo Mama. Nafuata viatu Guangzhou na kuuza jumla Kariakoo. Ajenti wangu wa huko ananishawishi ninunue picha ya mtu anayecheka meno yote nje. Imechapwa kwenye karatasi, ina sahihi na namba 61/199. Anasema Wazungu walitajirika kwa sanaa ya China, nami bado sijachelewa. Niweke mtaji?
Mfanyabiashara, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtaji wa viatu usiuguse.

Kuhusu Wazungu ajenti hajakudanganya, ila hajakwambia walinunua lini. Uli Sigg, Mswisi, aliingia China kwa kazi ya kampuni ya lifti, baadaye akawa balozi wa nchi yake Beijing, 1995 hadi 1998. Alikuwa akiwafuata wachoraji walikofanyia kazi, wakati Wachina wenyewe walionunua kazi hizo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 2012 alilizawadia jumba la makumbusho la M+, Hong Kong, kazi 1,463, akaliuzia nyingine 47. Huyo namheshimu.

Wengine walikuja na kalkuleta. Kinachoniuma hadi leo ni mkusanyo wa kazi za wachoraji wa China ulioitwa Estella, ulionunuliwa kwa niaba ya wawekezaji. Ulionyeshwa Denmark mwaka 2007, na Aprili 2008 ukawa mnadani Hong Kong. Wachoraji kadhaa walilalamika hadharani kwamba walipunguza bei kwa kuamini kazi zao zingekaa pamoja na kuishia makumbusho. Humo mlikuwa na mchoro wa Zhang Xiaogang: baba, mama na mtoto, nyuso za kijivu zisizo na tabasamu, na uzi mwembamba mwekundu unaowaunganisha. Uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Mchoraji hakuambulia kitu katika ongezeko hilo, kwani faida ya mnada ni ya muuzaji.

Miezi michache baadaye msukosuko wa fedha ukapiga, na kazi nyingi zikakosa wanunuzi. Bei zilikuja kupanda tena, na safari hii matajiri wa China wenyewe walikuwa mstari wa mbele. Mwaka 2013 mchoro mmoja wa Zeng Fanzhi, mchoraji wa China, ulifika dola milioni 23. Lakini huo ulikuwa mchoro wa mkono, wa pekee, na aliyeuuza alikuwa mkusanyaji wa Ubelgiji anayejulikana. Wewe unauziwa nakala ya 61 kati ya 199 zilizochapwa, yaani karatasi ambayo watu wengine 198 wanayo, na siku ya kuiuza kampuni ya mnada nayo itakata kamisheni yake.

Sahihi isikutie moyo. Pale Shenzhen kuna mtaa wa Dafen, ambako wachoraji wananakili kwa mkono kazi maarufu za dunia nzima. Mwulize ajenti nani aliichapa, ilinunuliwa kwenye galari gani, na risiti ya kwanza iko wapi. Ikiwa majibu yananyooka na picha yenyewe unaipenda, nunua kwa pesa ambayo ungenunulia kochi, uitundike sebuleni. Na ukiwa Guangzhou pitia jumba la sanaa la Guangdong kabla hujalipa, ukaone kazi halisi kwa macho yako.