Fiwi za bibi zilitoka wapi?

SWALI: Tuna fiwi nyeusi (jamii ya maharage) alizotuachia bibi, sokoni hazionekani tena. Nasikia vipimo vya vinasaba huonyesha asili ya zao. Nipeleke punje ngapi maabara? – Msomaji, Arumeru

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu kwanza punje ndani ya ganda moja. Jenomu ya fiwi, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, iliyochapishwa mwaka 2023, kazi iliyoongozwa na wanasayansi wa Afrika, ilionyesha kuwa zao hili lilianza kulimwa mara mbili, kutoka koo mbili za fiwi pori: ukoo wa punje mbili kwa ganda na ukoo wa punje nne. Fiwi za shambani za ukoo wa punje mbili zinajulikana zaidi Ethiopia. Hapo umeshapata nusu ya jibu bila kulipa senti.

Kisha peleka majani, siyo punje. Ngozi ya punje ni ya mmea mama. Kilichomo ndani ni mtoto, na huenda nyuki alileta chavua ya shamba la jirani. Ukisaga punje nzima umechanganya vizazi viwili.

Panda punje 20, nyingine zibaki chupani zikiwa kavu. Wiki ya tatu chuma jani changa moja kwa kila mmea, na kila jani liwe na bahasha yake ya karatasi yenye namba. Mbegu za kienyeji huwa mchanganyiko. Ukiyasaga majani pamoja, tofauti hizo zinapotea. Zika bahasha kwenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) yenye uzito mara 10 ya majani, ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Kesho yake jani livunjike kwa mlio. Likinywea na kuwa kahawia, lilikauka polepole na vinasaba vimekatika vipande, chuma jingine.

Uliza maabara italinganisha na nini. Bila sampuli za fiwi pori utaambiwa tu zako zinafanana na za nani, wala si zilikotoka.

SWALI: Je, penye aina nyingi ndipo chimbuko? – Msomaji, Meru

JIBU: Si lazima. Mji wa soko hupokea mbegu za pande zote, zikachavushana, aina zikaongezeka. Ndiyo maana kila bahasha iandikwe kijiji, mwaka, na mbegu ilipokewa kwa nani.