Wiki ya tatu, chunusi zimezidi: jeli usiitupe

Mleta uzi kaandikiwa dawa mbili za chunusi za kupaka: jeli ya adapalini 0.1% usiku na benzoili peroksaidi 5% asubuhi. Yuko wiki ya tatu, uso unababuka, chunusi zimezidi. Anauliza aache?

Mkuu, usiache, punguza kasi. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba chini ya ngozi wiki kadhaa nyuma, tyubu hata hujaifungua. Adapalini inazifanyia kazi zile ambazo hazijatokeza, ndiyo maana matokeo yanapimwa wiki ya 8 hadi ya 12.

Kubabuka mara nyingi ni kosa la upakaji. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Tyubu ya gramu 30 ikiisha ndani ya wiki tatu, unazidisha. Nawa kwa mikono na sabuni laini (dodoki weka pembeni), futa kwa kugandamiza, subiri dakika 20, maana ngozi yenye majimaji huwashwa zaidi. Pembe za pua na midomo zipake mafuta ya mgando kwanza. Kisha dondosha kidogo kwenye paji, mashavu na kidevu, utandaze. Usipake juu ya chunusi tu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Malizia na losheni isiyo na manukato.

Kwa sasa pumzika siku tatu, losheni tu. Ukirudi, paka usiku mmoja, ruka mmoja, kwa wiki mbili, ndipo uongeze. Benzoili ikiendelea kuunguza, muulize daktari kuhusu ya 2.5%: inakaribia kufanya kazi ileile kwa muwasho mdogo. Macho au midomo ikivimba, hiyo ni mzio, acha kabisa. Na mwenye mimba asipake adapalini.

Madoa meusi usiyahesabu kama chunusi, yanafifia kwa miezi, na jua na kutumbua huyakoleza. Mchana paka kinga ya jua, SPF 30 kwenda juu.

Zile krimu za kuchanganya zenye klobetasoli au betamethasoni (dawa kali za steroidi) ziogope. Uso unalainika upesi, ukiacha vipele vinafumuka upya, na ngozi imeshakuwa nyembamba.

Halafu taulo na foronya ziwe nyeupe. Benzoili inapausha rangi, kanga ikishaguswa ndiyo basi tena.